Maombi ya Kumwajiri Mgeni Mmoja Badala ya Idara ya Barabara

Mwikwabe Nathanieli,
Butiama, nyuma ya mashine ya kusaga.
Sanduku la posta sina. Ukiulizia tu utaletwa.

Jumatatu.

Kwa Mhandisi wa Barabara za Vijijini,
Ofisini kwako, kama umeingia leo.

Ndugu Mhandisi,

YAH: KUPUNGUZA GHARAMA ZA IDARA YAKO MPAKA IISHE

Nakusalimu sana, na naamini u mzima na gari lako limeshatoka gereji. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mitatu. Elimu yangu ni kidato cha pili, na watu wasikudanganye kwamba nilifeli. Nilikuwa nimeshajua vya kutosha, nikawaachia wengine dawati. Kwenye hesabu nilikuwaga wa tatu, ukiwatoa wasichana.

Barua hii ilianza kama barua ya kuomba msamaha. Mtendaji wa kata aliniita ofisini Ijumaa, akanipa karatasi na kalamu, akasema: "Mwandikie Mhandisi, ueleze kwa nini ulitangaza mgeni ambaye hayupo, halafu uombe radhi." Nimekaa nayo siku tatu. Kila nikitafuta kosa langu silioni, naona ya kwako tu. Kwa hiyo, kwa heshima zote, nimeigeuza kuwa malalamiko.

Kwanza ujue ilivyokuwa. Mwezi wa pili nilipeleka ng'ombe wa mahari Mugeta, kwa Mzee Wenceslaus, baba yake Nyangi. Nyangi ndiye ninayemuoa. Sura yake sikuelezei, maana wewe ni mtu wa ofisi, utashindwa kufanya kazi. Ng'ombe walikuwa wanane. Shangazi yangu alisema, "Waswage kwa miguu taratibu, siku mbili mtakuwa mmefika." Nikamwambia shangazi, hayo ni mambo ya enzi zenu, ng'ombe wangu watapanda gari wafike wamenyooka kama abiria. Nikakodi fuso ya Hamduni wa Nyasho.

Tulienda vizuri mpaka Bwawa la Eufrasia. Wewe hulijui kwa jina hilo. Kwenye makaratasi yako linaitwa shimo. Liko katikati ya barabara, na Mama Eufrasia, ambaye nyumba yake iko pembeni hapo, anafugia bata humo. Hamduni alisimamisha gari, akalitazama, akaniuliza: "Mdogo wangu, hapa tunapita au tunavua?" Nikamwambia pita, mimi ni mwanaume. Tukapita. Huko nyuma nilisikia mlio ambao sitausahau.

Sasa unajua kwetu ng'ombe wa mahari anakaguliwa. Wazee wanakaa mlangoni pa zizi, ng'ombe wanapitishwa mmoja mmoja, na mwenye kilema anarudi alikotoka. Wangu wa kwanza alichechemea. Wa pili, pembe yake moja tulikuwa tumeiacha kwenye gari. Wa tatu alifika mbele ya wazee akalala. Mzee Wenceslaus akavua miwani: "Kijana, umeniletea mahari au umeniletea wagonjwa?" Wakarudishwa wote wanane, maana wazee walisema hata wale wazima wanaonekana wana mawazo. Nikapewa nafasi moja tu ya kurudi. Na nikirudi na anayechechemea hata mmoja, nikaoe hilo shimo.

Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Wataalamu wako wanakujaga kila mwaka kupima Bwawa la Eufrasia. Magari mawili, watu wanane, futi kamba moja. Wanapima urefu, upana na kina, wanalizungushia chokaa, wanapiga picha, wanaondoka. Huu ni mwaka wa nne. Nilimuuliza mmoja, "Mkubwa, mbona hamlizibi?" Akanijibu, "Sisi ni wa kupima. Wa kuziba ni wengine." Hao wengine nao nikawakuta mwezi wa kumi na moja wamekaa chini ya kivuli cha gari. Wakasema wao ni wa kuziba, ila hawajaletewa vipimo vya mwaka huu. Mhandisi, hayo mafuta ni kodi za watu. Mimi ninaweza kupima kwa fimbo nikakutumia kwenye simu, na bata nikakuhesabia bure.

2. Kile kibao chenu cha BARABARA INATENGENEZWA, SAMAHANI KWA USUMBUFU kimekaa pale mpaka mdogo wangu Robi kajifunzia kusoma. Alijua neno "usumbufu" kabla ya neno "baba". Mwalimu wake alidhani mtoto ana matatizo nyumbani.

3. Hili siyo lalamiko, ni ugunduzi, lakini nimelipatia namba ili usiliruke. Nimeichunguza idara yako kwa muda mrefu nikagundua kwamba haiendeshwi na bajeti, wala mvua, wala malalamiko. Inaendeshwa na mgeni. Barabara inaweza kukaa miaka kumi inalia, hamuisikii. Ila ikitangazwa kwamba kuna mkubwa anapita Alhamisi, Jumanne greda limeshafika, Jumatano barabara inamwagiwa maji, na mawe ya pembeni yanapakwa rangi nyeupe kama meno.

Basi nikamwendea Mama Eufrasia, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba tarehe kumi na nne kuna mgeni mzito anakuja, na kwamba asimwambie mtu. Hicho ndicho kitu pekee nilichofanya. Sikupiga muhuri, sikuomba kibali, hata vocha sikununua. Kufika jioni habari ziko Bunda mjini. Kesho yake mtu mmoja Musoma alinihadithia mimi mwenyewe, na alikuwa ameshamwongezea mgeni walinzi. Siku ya tatu greda likaja. Siku ya nne bata wa Mama Eufrasia walirudi kuogelea wakakuta barabara, wakasimama wanaangaliana.

Mniambie, ni mradi gani wenu umewahi kukamilika kwa siku nne?

4. Naambiwa nilidanganya. Sikudanganya. Mgeni alikuja, na tarehe ilikuwa ile ile. Mgeni nilikuwa mimi. Nilivaa suti niliyoazima kwa Said fundi cherehani, nikakaa mbele kwenye fuso ya Hamduni, nyuma wako ng'ombe wanane wazima (yule wa pembe moja nilibadilishana na mjomba). Tulipofika, watoto wa shule waliimba. Mtendaji mwenyewe alinivisha shada, akaniomba nisalimie wananchi. Nikasalimia dakika kumi. Nilisema nimefurahishwa na barabara, wakapiga makofi. Nikasema nitazifikisha salamu zao kunakohusika, wakapiga tena. Ndipo Mtendaji akaniinamia sikioni, "Mheshimiwa, tuandike umetokea wizara gani?" Nikamwambia, "Nimetokea Butiama, nimeleta mahari." Sasa ningemdanganya ningekuwa mtu wa namna gani?

Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba ng'ombe wote wanane walipita mbele ya wazee wakiwa wima. Mzee Wenceslaus alivaa miwani akavua, akavaa tena, kasoro hakuona. Akasema nirudi Jumamosi hii na wazee wangu tupange siku ya kumchukua Nyangi. Barabara yako, kwa mara ya kwanza, imemfikisha mtu mahali.

5. Kutokana na hayo, naomba idara yako ifutwe, na nafasi yake apewe Mgeni wa Kudumu, mmoja kwa mkoa. Sifa zake: awe na tumbo la wastani, miwani myeusi, na asiongee sana. Kazi yake ni kutangazwa. Jumatatu anatangazwa Mugango, Jumatano Mugeta, Ijumaa Butiama. Kufika siyo lazima. Nimepiga hesabu nikaona mgeni asiyefika ndiye wa bei nafuu kuliko wote, maana hali, halali, na hahitaji msafara. Hata kuzaliwa siyo lazima sana.

Wataalamu wako wasiachishwe kazi, wana watoto. Wale wa kupima, kwa kuwa wamezoea kushika futi kamba huku na huku, washike utepe wa kukata. Wale wa kuziba wapige makofi. Wewe mwenyewe utafaa kwenye kusubiri mgeni, nimeambiwa una uzoefu wa kukaa.

Nafasi ya Mgeni wa Kudumu naiomba mimi. Suti ninayo mpaka Said aikumbuke. Uzoefu wa kazi unao hapo juu, lalamiko namba nne.

Nasubiri jibu lako kwa hamu na siyo kwa miaka minne. Nisalimie katibu muhtasi wako, nisalimie dereva wa greda (mwambie kazi yake niliiona na nilipita juu yake nimekunja nne), nisalimie wale wanane na futi kamba yao. Mama Eufrasia anasalimia pia, ingawa ananuna. Bata hawajambo, ila hawana kazi.

Ni mimi mlipa kodi mtarajiwa, mgeni wenu wa tarehe kumi na nne,

Mwikwabe Nathanieli.

NYONGEZA, Alhamisi, haraka sana:

Ndugu yangu Mhandisi, bahati nzuri barua nilikuwa sijaituma. Hayo ya juu usiyasome. Kama umeshayasoma, yasahau, hasa ya kufutwa.

Kuna mtu Bunda mjini anaitwa Benjamini, anauza vifaa vya ujenzi. Ana kigari cheupe, kiko chini kama sahani. Huyu alikuwa anamtaka Nyangi miaka miwili, lakini alikuwaga anaishia lami, anapiga honi, anarudi kwao, kwa sababu kigari chake hakiwezi kuliona Bwawa la Eufrasia na kikabaki hai. Mimi sikuwa najua. Kumbe lile shimo lilikuwa linanilindia mchumba usiku na mchana, na mimi nikaliua kwa mikono yangu.

Jumapili amefika mpaka mlangoni. Jumanne tena. Jana amempakia Mzee Wenceslaus kiti cha mbele, akambonyezea kitu, kiti kikalala chenyewe. Mzee amerudi amebadilika. Anawaambia watu, "Mwikwabe ni kijana mzuri, tatizo hana kiti." Nyangi kanipigia leo asubuhi: "Mimi ni wako, lakini wanaokuja Jumamosi ni wajomba zake Benjamini, vigari vitatu vya chini hivyo hivyo. Wamepewa saa nne, nyie mmesogezwa saa kumi. Wewe si ulisema una akili? Haya, zitumie."

Kwa hiyo naomba radhi kwako, kwa Mtendaji na kwa idara nzima, ambayo naona sasa ilikuwa inafanya kazi muhimu sana kwa kutofanya. Naomba greda lirudi kabla ya kesho jioni, lilichimbe Bwawa la Eufrasia pale pale lilipokuwa. Sisi wazee wangu wanakuja na fuso, tutapita hivyo hivyo, safari hii hatubebi ng'ombe. Mama Eufrasia ameshakubali, na bata wameshajipanga pembeni.

Usiniambie mnasubiri wapimaji. Vipimo mnavyo, vya miaka minne.