Nilivyoivika Kikoi Miti ya Tume

Wenzangu wa Mombasa, leo nimeadhirika. Mchana kweupe, mbele ya wakubwa saba na Mzungu mmoja anakunywa chai.

Waliohusika nawataja. Wa kwanza Derek, msimamizi wangu. Wa pili Haji Mcha, Mpemba, yule aliyekuwa akiwaletea salamu kupitia kwangu. Msizipokee tena.

Kazi yangu mnaijua. Huku kwa Wazungu bustani na misitu ya kaunti ina tume yake, watu wazima wenye miwani, wanakaa mezani kutwa wanajadili miti. Mie nafagia msitu wao mmoja, mbele ya Northfield, mabasi mawili kutoka Sparkhill ninakokaa. Kibarua. Mwaka wa pili huu, kibarua! Na watu wa uhamiaji wamesema bila barua ya kazi ya kudumu Mwanaidi hapandi ndege. (Tulitoka Unguja pamoja, tukikimbia. Nikamwacha kwenu. Miaka minne sijamwona mke wangu.)

Asubuhi Derek akanambia, "Saa tano tume inakuja kukagua. Mwenyekiti ana barua yako mfukoni. Pawe pasafi." Kisha akaingia kibandani na redio yake. Basi. Maelezo yote niliyopewa ni hayo.

Nikafagia njia. Nikaokota matawi. Nikaitazama miti, magome yote yana viraka vya kijivu, kama choa ya ngozi. Aibu gani hii!

Haji akapita na toroli la chokaa, ile ya kuchorea mistari ya viwanja vya mpira.

"Wakubwa wanakuja?"

"Saa tano."

"Na miti unaiacha uchi? We Saidi! Umesahau alivyokuwa akija Bwana DC? Kila mnazi ulivaa kikoi cheupe!"

Kweli tupu. Nani kati yenu hakupaka chokaa shina la mti, kutoka chini mpaka kiunoni, siku ya kuja Bwana DC, yule Mwingereza? Nikajiona sina adabu.

Tukapaka. Kwanza tukaikwangua ile choa kwa brashi ya waya, ili chokaa ishike. (Nilikwangua vizuri. Nilikwangua kwa moyo wangu wote.) Miti thelathini na moja! Ilipofika saa nne na nusu msitu unameremeta kama kambi ya polisi. Nikanawa uso, nikafunga vifungo vya koti, nikasimama langoni kiaskari.

Wakaja saba. Mbele bibi mmoja wa makamo yangu na zaidi, kioo cha kukuzia kinaning'inia kifuani. Aliingia msituni karibu anakimbia. Halafu kimya.

Kimya kile sikukielewa, jamani. Nilidhani wamependezwa.

"Nani kafanya hivi?" mwenyekiti akauliza.

Nikanyoosha mkono. Wa kulia! Tena nikapiga hatua moja mbele. "Mimi, bwana."

Yule bibi akaushika mti, kiganja kikatoka cheupe. Akasema nami polepole, nielewe: "Vile viraka ni mimea hai, ndivyo tulivyovijia. Moshi wa viwanda umeviua kila mahali, vilikuwa vimebaki hapa tu. Ndiyo sababu msitu huu haukukatwa."

Akalia. Mie nimeona watu wakililia nyumba, wakililia watoto. Kulilia choa ya mti, leo mara ya kwanza. Na sikuweza kucheka. Uso ule naujua, ni wa mtu aliyebakiwa na kitu kimoja, na hicho nacho kimeondoka.

"Lakini kwa nini?" akauliza.

"Kwetu, bibi, akija mkubwa, miti hupakwa chokaa."

"Nani aliwafundisha hivyo?"

Nikawatazama wote saba.

"Nyinyi."

Hapo Derek akatoka kibandani, kikombe mkononi: "Mimi nilimwambia afagie njia tu." Mwongo mkubwa! Nikamtafuta Haji kwa macho. Toroli lipo, Haji hayupo.

Mwenyekiti akatia mkono mfukoni. Bahasha nikaiona, kwa macho yangu haya, pembe yake ilichungulia. Akaisukuma ndani tena. "Tutalitazama baada ya miezi sita," akasema, kwa upole kabisa. Bora angenitukana.

(Nilinusurika mapanga ya Unguja, nikaja kumalizwa na ndoo ya chokaa.)

Sikufukuzwa. Chekeni basi, najua mmeshaanza. Ila Mwanaidi msimsomee barua hii. Mwambieni karatasi zimechelewa, na zile nguo alizokwisha kuzipanga sandukuni azitoe tu, azivae.