Jina Langu Katika Ule Wimbo

Jumapili, 4 Mei

Mtangazaji kaukata tena! Kila Jumapili kwenye zilipendwa anaweka wimbo wetu, na kila mara anaukata kabla magitaa hayajachanganya. Hapo ndipo marehemu Asali Mbichi, mwimbaji wetu, ananiita: "Tetemeko, watikise!" Tetemeko ni mimi. Gita la besi. Nikigusa waya, glasi zinatembea mezani zenyewe. Leo kinyozi kanicheka mbele ya wateja wake. Eti labda nilikuwa nabeba spika. Mimi! Niliyevaa suruali za bugaluu, miguu mipana chini, mpaka mafundi cherehani wakaja kuomba vipimo.

Jumatano, 7 Mei

Nimepiga simu redioni. Nikabana sauti, nikajifanya msichana anayemwombea mchumba wake wimbo, tena mpaka mwisho. Mtangazaji kajibu, sawa babu. Simu mbovu hii.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemfundisha mama watoto aseme niko mahututi na huo ndio wimbo wa kuniagia. Kakataa katakata. Kapiga mwenyewe, kasema ukweli mtupu: "Mwanangu, aliyekuwa akimwita mzee wangu jina hilo amebaki kwenye santuri tu. Mwache amwite." Mtangazaji kakubali. Mpango wangu umefaulu!

Jumapili, 11 Mei

Kwa kinyozi pamejaa. Wimbo ukaanza. Sauti ya Asali ikanipiga kifuani, kama vile yuko mlangoni na koti lake begani. Nikasimama. Nikawaambia watulie, jina linakuja. Nikawaeleza siku ya kurekodi, sote tumezunguka maikrofoni moja, jasho, Asali kanikonyeza, waya wa besi ukakatika, nikamalizia na nyaya tatu zilizobaki, na hakuna aliyejua... Kugeuka, redio inatangaza sabuni.

Kinyozi, mashine hewani, akauliza: "Mzee, hilo jina limepita saa ngapi?"

Nyumbani nikamkuta mama watoto kando ya redio, anajifuta macho. "Amekuita vizuri," kasema. "Haya Tetemeko, njoo ule."

Tangu bendi ivunjike hajawahi kuniita hivyo.

Jumatatu, 12 Mei

Nimegundua kosa. Redio ya kinyozi haina nguvu. Mama watoto atapiga simu tena. Nami safari hii nitapanda juu ya kiti, nianze kuwaeleza mapema, wimbo ukianza tu, ili jina lisiwapite.