Madumu Sita na Cheti Kimoja

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Ujumbe umeingia kwenye kundi la WhatsApp la wilaya. Kila mtumishi wa afya amalize mafunzo ya mtandaoni ya usalama wa kemikali na vitu hatarishi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Masomo manane, mtihani wa maswali thelathini, cheti. Mganga mfawidhi asiye na cheti atakabidhi ofisi kwa mwenye nacho.

Atakabidhi! Mimi, Leonidas, niliyeongoza zahanati hii miaka kumi na tisa. Nililikuta jengo halina dari. Nimesoma vitabu ambavyo hao wa wilayani hawawezi hata kuvibeba. Leo simu inifundishe kushika ndoo.

Mbaya zaidi, Theodora, muuguzi wangu, ameshamaliza. Aliyafanya likizoni, kwao Misigiri. Cheti amekitia kwenye fremu na kukitundika juu ya mzani wa watoto. Nimemwambia kinazuia hewa. Akajibu kwa adabu zote kwamba dirisha liko upande wa pili, Dokta.

Jumanne, 2 Septemba

Mtandao hapa unashika sehemu moja tu: juu ya jiwe kubwa nyuma ya choo cha wagonjwa. Nimepanda. Nimeteleza. Nimepanda tena. Mwanamke wa ndani ya simu anaongea taratibu kama anayemlisha mgonjwa uji. Kila dakika tano anauliza kama bado upo. Usipobonyeza, somo linaanza upya. Somo la kwanza nimelisikiliza mara tatu, kwa sababu nilikuwa namjibu kwa hoja badala ya kubonyeza. Upepo umechukua kofia yangu, umeipeleka kwenye shamba la mtu.

Nimeshuka na kumwandikia mhariri wa gazeti kurasa sita: "Ukoloni wa Kubonyeza." Barua ya kumi na nne mwaka huu. Hakuna hata moja iliyochapishwa. Wananiogopa.

Jumatano, 3 Septemba

Nimepata njia. Flora! Mhudumu wetu wa usafi, mjane, mtu mpole. Kikohozi chake hutangulia mlangoni kabla yake. Atakaa juu ya jiwe na simu yangu na mwavuli wa mke wangu. Kazi yake ni kubonyeza. Nimemwonya asisikilize, aliishia darasa la saba, atachanganyikiwa bure. Akasema sawa Dokta, ila masikio yake hayana mfuniko.

Mimi nimekaa kivulini na kitabu. Theodora amepiga deki mwenyewe, huku akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya juu. Anaimba makusudi.

Ijumaa, 5 Septemba

Flora amefika somo la tano na ameanza maswali. Kwa nini hajawahi kupewa glavu nzito? Nikasema bajeti. Kwa nini sindano zilizotumika zinajazwa kwenye kisanduku mpaka zinachungulia? Nikasema bajeti. Kisha akaushika mwavuli kwa mikono miwili. Akasema yule mama wa kwenye simu anakataza kabisa kuchanganya klorini na asidi ya chooni, maana hutoa hewa inayochoma mapafu. Akauliza kama ninakumbuka nani alimwelekeza achanganye, ili madoa yatoke haraka.

Ninakumbuka. Ni mimi. Miaka sita iliyopita. Wakati huo alikuwa hakohoi.

Nimemwambia ni vumbi la kiangazi. Nimempa dawa ya kikohozi, chupa ile ile ya siku zote. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Sikupenda alivyoshukuru.

Lawama zote ni za aliyeuza asidi bila maelezo. Nitaandika barua.

Jumatatu, 8 Septemba

Mtihani! Tumepanda wote wawili. Flora ananong'ona, mimi nabonyeza. Mara tatu nimelikataa jibu lake, kwa sababu swali lenyewe lilitungwa kijinga. Nimepata ishirini na saba kati ya thelathini. Niliyokosa ni hayo hayo matatu. Mtunga maswali arudi shule.

Cheti kimetoka, jina langu lote kwa herufi kubwa. Theodora alipata ishirini na sita! Nimekitundika juu ya chake. Imebidi nisimame juu ya mzani wa watoto. Sasa mzani unamwonyesha kila mtoto ana utapiamlo.

Jumanne, 9 Septemba

Cheti peke yake hakitoshi. Ijumaa kamati ya zahanati inakaa na afisa kutoka wilayani kuamua nani aongoze, na nimesikia Theodora ana maneno ya kusema. Nahitaji sauti ya Mzee Mughwai, mwenyekiti wa kamati. Kwa bahati kuna desturi nzuri hapa. Kila mwaka watu wakishakamua alizeti, madumu matupu ya klorini huenda kwa wazee wa kijiji. Ni madumu imara, mifuniko haichezi, dukani huyapati. Nimemwamkia mzee, nikamwahidi sita. Akafurahi mno. Akasema mafuta yake ya mwaka mzima yako kwenye ndoo na sufuria, panya wameanza kuoga.

Nikaenda stoo. Madumu yote sita yametobolewa! Matundu matatu kila kitako, kwa msumari. Ubavuni yameandikwa kwa mkaa: SUMU.

Flora akaja na nyundo mkononi, anakohoa, uso unang'aa. Somo la nne, akasema. Chombo cha kemikali kikiisha kinatobolewa, mtu asije akakitilia chakula. Alidhani nitampongeza.

Jumatano, 10 Septemba

Sabuni ya mche! Nani hapa hajawahi kuona dumu linalovuja likizibwa kwa sabuni? Nimekanda, nimeziba matundu kumi na nane, nimesugua SUMU kwa mchanga mpaka vidole vimechubuka. Nimejaza maji, nimesubiri saa nzima. Hata tone! Wanaosema sina utaalamu wa vitendo waje waone.

Nimeyapeleka kwa mkokoteni wa punda. Mzee Mughwai amenipa kuku na kusema Ijumaa nisiwe na wasiwasi. Tumemimina mafuta pamoja, tukicheka.

Niliporudi Flora aliuliza madumu yako wapi. Nikasema yameteketezwa kitaalamu. Akasema mbona hajaona moshi. Watu wakishasoma kidogo wanakuwa wasumbufu sana.

Alhamisi, 11 Septemba

Jua la leo halikuwa la kawaida. Naandika hili kama ushahidi. Stoo ya Mzee Mughwai imeezekwa kwa bati, hakuna dirisha, na sabuni katika joto lile imelainika kama ugali wa jana uliotiwa mchuzi. Kufika mchana sakafu ya udongo ilikuwa imekunywa yote. Kuku wake wanateleza uani.

Alikuja kwa miguu, amebeba dumu moja. Hakunifokea. Laiti angefoka, hoja ningekuwa nazo. Alisema taratibu kwamba mkewe aliwahi kukaangia bakuli la kwanza, jiko zima likanuka kama choo cha zahanati, akamwaga na mboga. Yaliyobaki ndiyo hayo yameingia ardhini. Jasho la shamba zima. Kisha akaligeuza dumu. Ubavu wa pili, mahali ambapo sikukumbuka kusugua, palikuwa na mkaa wa Flora: SUMU.

Akaniuliza kama kwetu nilipelekwa shule.

Nikamrudishia kuku wake. Hakumpokea.

Ijumaa, 12 Septemba

Kikao. Afisa wa wilaya ni kijana wa umri wa binti yangu, ana kalamu mbili mfukoni. Amekisifu cheti changu. Halafu akasema, kwa kuwa nimefaulu vizuri hivi, niwaeleze wajumbe chombo cha kemikali kikiisha kinafanywaje.

Mzee Mughwai alikuwa ananitazama. Dumu liko chini ya kiti chake.

Nikaanza na historia ya plastiki. Nikapita kwa mataifa makubwa na namna yanavyotutupia takataka zao. Nilikuwa nazungumza vizuri! Dakika ya kumi na tano afisa akaniomba nijibu swali. Nikasema swali halijaulizwa kisayansi. Kutoka mlangoni, akiwa ameegemea fimbo ya deki, Flora akajibu: kinasuuzwa, kinatobolewa, kinaandikwa alama, na hakitoki nje ya uzio wa zahanati. Kwa pumzi moja, kisha akakohoa mpaka akakaa chini.

Afisa akamuuliza amesomea wapi. Flora akanyoosha kidole kwenye jiwe. Akasema alikuwa anabonyeza tu, kwa niaba ya Dokta.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo limeniuma.

Funguo nimemkabidhi Theodora. Cheti kimefutwa. Nirudie masomo yote manane mimi mwenyewe ndani ya wiki mbili, au nihamishwe. Flora anapelekwa mjini kupigwa picha ya kifua. Afisa alimuuliza ameanza lini kukohoa. Akasema hakumbuki vizuri. Anakumbuka. Alinitazama, halafu akasema hakumbuki.

Jumatatu, 15 Septemba

Majibu ya Flora yamekuja. Mapafu yamechomeka, hayatarudi kama zamani. Kazi ya usafi basi. Theodora alilia kwenye chumba cha dawa. Mimi nilitoka nje nikaangalia jiwe kwa muda mrefu. Nimeandika barua ndefu kumkemea muuza asidi. Sijui anwani yake.

Maisha lazima yaendelee. Kuhusu mafunzo, nimeshapanga. Mazengo, mlinzi wetu, yuko juu ya jiwe tangu asubuhi na simu yangu. Sikio la kushoto halisikii kabisa, la kulia kidogo sana. Safi! Nimejifunza kosa langu: mbonyezaji asiwe mtu wa kusikiliza.

Mpaka apatikane mhudumu mwingine, Theodora ametangaza kila mtumishi ataosha vyoo kwa zamu, yeye akiwemo. Leo ni zamu yangu. Yeye humaliza kwa saa mbili, na sabuni yake na brashi na glavu mpaka kwenye viwiko, kama anaenda kuzalisha tembo. Nitamwonyesha. Dakika kumi! Nyuma ya rafu nimekuta klorini nusu chupa na ile asidi ya zamani, na ndoo ninayo. Kidogo cha hiki, kidogo cha kile, madoa yenyewe yataomba radhi.

Upepo ni mkali mno leo, vumbi tupu. Nitafunga mlango.