Mgeni wa Mtambo wa Nechells

Jumatatu, 6 Novemba 2006
Kampuni imetangaza: itauwasha upya ule mtambo wa umeme uliokufa miaka mingi hapa Nechells, ughaibuni. Jengo letu litabomolewa kupisha rundo la makaa. Nilishahamishwa kutoka Unguja. Sihami tena! Kamati ya kupinga imemchagua Chhotubhai kuwa mwenyekiti. Muuza bizari wa mtaa wa Alum Rock! Eti atakusanya sahihi. Mimi nina hila.

Jumanne, 7 Novemba
Nimeweka getini kwa mtambo sahani ya halua, kikombe cha kahawa na chetezo cha ubani, kama tufanyavyo kwetu mahali penye wenyewe. Nikamnong'oneza mlinzi, Damien Mkongo, kwamba mna jini ndani. Aliacha kucheka. Mwanakhamis, mke wangu, alisema asiyekuwapo haitwi, asije akaitika. Wanawake!

Alhamisi, 9 Novemba
Sahani tupu. Imeoshwa! Kikombe kimepinduliwa kifudifudi, adabu ya mgeni aliyeshiba. Nikamtuhumu Chhotubhai. Akajibu kwamba yeye ana kisukari, na mwizi wa halua nimtafute kwenye kioo. Fidhuli. Nimeongeza halua.

Ijumaa, 10 Novemba
Damien kaacha kazi. Mashine zimekatwa nyaya, asema, na bado zinanguruma. "Papa, ile kitu iko inakula." Nikacheka. Kisha nikagusa uzio. Ulikuwa na joto, kama ubavu wa ng'ombe. Dohani ilitoa moshi mwembamba, unanukia ubani. Leo sikuwasha chetezo.

Jumapili, 12 Novemba
Ushindi! Mafundi wamegoma kuingia. Kampuni imeghairi. Jengo halibomolewi! Kamati imempigia makofi Chhotubhai na sahihi zake. Nimemeza machungu. Halua sipeleki tena. Ya nini?

Jumanne, 14 Novemba
Asubuhi, mlangoni petu, ghorofa ya tisa: sahani yangu. Tupu, safi. Ukuta wa jikoni unanguruma. Una joto. Mwanakhamis amefunga mizigo, anakwenda Leicester kwa binti yetu Asmahan. Alisema aliyemlisha ndiye mwenyeji wake, na mgeni akikosa getini hubisha nyumbani. Akanitaka nimfuate. Nihame? Mimi?

Nimeona mzizi wa tatizo: nilikosea anwani tu. Leo hii naipeleka sahani kwa Chhotubhai. Mwenyekiti na apokee wageni! Nimepakua halua. Nikageuka kuchukua kikombe.

Sahani tupu.

Si neno. Nimepakua tena, na safari hii nimejaza zaidi.