Jino la Halake na Migomba Yangu

Kulesa,
kwa njia ya Posta ya Garsen,
Machi 1999.

Kwa Daktari wa Meno uliye Mombasa, ambaye uso wako sijauona lakini kazi yako naiona kila siku,

Mintarafu: Ombi la kung'olewa jino la mtu mwingine

Nakusalimu kwa heshima na kukuombea afya. Mimi ni Uledi Jillo, mkulima wa hapa Kulesa. Sijawahi kuwa mgonjwa wako. Meno yangu ni yale niliyopewa na Mungu, na yaliyotoka yalitoka bila kuniuliza. Nakuandikia kuhusu jino la jirani yangu Halake, mfugaji wa Kiorma, ambalo ulilipanda kwa mikono yako mwenyewe, na ambalo nakuomba kwa unyenyekevu ulitoe.

Najua si kawaida mtu kuombea jino lisilo lake. Kwa hiyo niruhusu nieleze.

Halake alipigwa teke na fahali akiwa kijana, akapoteza jino moja la mbele. Pengo lile alilitumia kupigia mluzi. Ng'ombe wake hushuka mtoni kunywa maji kwa njia tunayoiita malka, na shamba langu liko ubavuni mwa njia hiyo. Walipofika penye migomba yangu, Halake alipiga mluzi, na ng'ombe wote wakageuka kama askari kwenye gwaride. Kwingine kando ya mto huu mkulima na mfugaji wamefikishana mbali. Mimi na Halake hatujawahi kuitana hata kwa chifu. Nilikuwa nikiwaambia wageni kwamba amani ya Kulesa inapita katika pengo la Halake.

Mwaka jana, mafuriko yalipopungua, mwanawe Mukhtar, anayefanya biashara huko kwenu, alimchukua akatazamwe macho. Akarudi na macho yale yale, na skrubu ya chuma ndani ya taya. Miezi baadaye akarudi kwako, ukaivika ile skrubu jino. Ni jino zuri, sipingi. Hapa Kulesa hakuna mwenye jino kama lile, hata mwalimu mkuu. Lakini malalamiko yangu ni haya:

1. Mluzi umekwisha. Halake akipuliza sasa hutoka hewa tupu, kama mtu anayepoza uji. Juma lile lile aliporudi, ng'ombe walivuka mpaka, wakala migomba, wakalala juu ya mahindi. Nilipokimbilia huko nilimkuta amesimama katikati ya shamba, midomo imechongoka, mate yanamtiririka kidevuni.

"Uledi," akaniambia, "mimi napiga. Hii jino nafunga mlango."

Daktari, nilimwonea huruma na kumkasirikia kwa wakati mmoja, jambo ambalo linachosha sana.

2. Umemkataza tumbaku. Zamani ikitokea hasara ndogo tuliketi, tukatafuna tumbaku, na yakaisha bila kumsumbua mzee yeyote. Sasa nikimpa anafunika mdomo kwa kiganja kama bibi harusi. Anasema daktari amesema tumbaku inaharibu ufizi, na ufizi ukiharibika mfupa nao huliwa, na skrubu haina pa kushika. Sawa. Lakini je, watu wazima wawili wapatane wakitafuna nini?

3. Karatasi ya maagizo uliyompa ni ya Kiingereza. Mukhtar yuko Mombasa, Halake hasomi, nami nilifika darasa la saba. Basi aliyeliwa migomba ndiye aliyeletewa karatasi aisome. Nikasoma kwamba apige mswaki laini asubuhi na jioni, hasa pale jino linapokutana na nyama. Apitishe uzi kulizunguka. Na ufizi ukiwa mwekundu au ukitoa damu, asingoje maumivu, arudi kwako. Nikamtafsiria yote. Akacheka.

"Hii ni chuma, Uledi. Chuma naoza?"

Nikamwambia chuma hakiozi, lakini nyama inayokizunguka ni ya Halake, na Halake anaoza kama sisi sote. Akaondoka bila kuaga. Nadhani alifikiri namtakia mabaya.

4. Hakupiga mswaki. Kisha aliposikia Mukhtar anakuja kumkagua, akaanza kusugua kwa kijiti kigumu cha mswaki, kwa nguvu za mtu anayechimba mtaro. Ufizi ukavimba, ukang'aa, ukatoka damu. Alikuja kwangu, si kwako. Asubuhi hiyo nilikuwa nimevaa shati langu safi ili niende kumshtaki kwa chifu. Badala yake nikajikuta nimemshika kidevu juani, nachungulia ndani ya kinywa chake na kumwambia, "Panua, panua zaidi." Nakuhakikishia, Daktari, ukishamshika mtu kidevu namna ile, huwezi tena kumshtaki siku hiyo.

5. Mke wangu Asmaa. Yeye ndiye anayemchemshia maji ya chumvi. Halake hupita kila asubuhi, akasukutua nyuma ya jiko letu kwa sauti ya kisima kinachokauka, na Asmaa husimama mlangoni akinitazama mimi.

"Mwone Halake anavyokitunza kinywa chake," huniambia. "Wewe unaamka na ugali wa jana kwenye meno."

Nimenunua mswaki. Sikuwa na mpango wa kununua mswaki.

6. Usalama wa nchi. Juzi ng'ombe walipoingia tena, vijana wa kwetu walitoka na mapanga, na vijana wa kina Halake wakaja na mikuki. Nilisimama kati yao nikapaza sauti kwamba hili si jambo la ardhi wala la maji, ni jambo la mluzi na jino. Hawakunielewa. Kijana mmoja alikatwa mkono wa shati, na chini ya shati kulikuwa na mkono. Amepona, lakini watu wa pande zote mbili sasa hawasalimiani sokoni Garsen. Likitokea kubwa zaidi, redio itasema wakulima na wafugaji wamegombea malisho, na wakubwa watakuja na magari yao kutuhutubia juu ya upendo. Ni mimi na wewe tu tutakaojua kwamba chanzo kilikuwa kwenye kiti chako.

Kwa hiyo naomba lifanyike moja kati ya haya. Ulitoe jino. Au, ikiwa unalionea uchungu, ulitoboe tundu katikati, dogo tu, la kupitisha hewa. Au, kama sheria za kazi yenu haziruhusu yote mawili, uje Kulesa mwenyewe, usimame penye migomba yangu ng'ombe wanaposhuka, na upige mluzi. Mahali pa kulala tutakupa, na chakula hutakosa, ila ndizi ndiyo hatuna.

Wasalimie nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo, wasalimie wauguzi wako, na umsalimie pia fundi aliyelichonga jino lile, maana kosa si lake, kazi yake ni safi. Asmaa anawasalimu nyote.

Ni mimi, mwenye subira inayokaribia mwisho,

Uledi Jillo

Nyongeza: Barua hii ilichelewa kuondoka kwa sababu mvua iliharibu barabara na basi halikupita. Wakati huo Darmi, mke wa Halake, amerudi kutoka Chewele, alikokuwa akimuuguza mamake tangu mwezi ule ule ulipomvika mumewe jino. Jana ng'ombe walishuka, wakafika penye migomba, wakageuka wote. Hapakuwa na mluzi. Nikamwuliza Darmi imekuwaje.

"Ng'ombe nafuata ndama," akasema. "Mimi nasimama kule juu na ndama, wao nakuja. Miaka yote ni hivyo. Huyu mzee napiga mluzi ya raha yake tu."

Halake alikuwa pale pale. Aliutazama mto, kisha akatutazama sisi.

Kwa hiyo, Daktari, jino lisiguswe. Yote niliyoandika hapo juu nayafuta, isipokuwa habari ya ufizi. Upande wa kushoto bado unatoa damu, na leo nilipoubonyeza ulitoka na usaha kidogo. Hasikii maumivu, lakini karatasi yako ilisema tusingoje maumivu. Naituma barua hii mbele kwa mkono wa dereva wa basi, nasi tutafuata. Halake haogopi simba wala fahali, lakini anaogopa sindano, na amekubali kuja ikiwa tu nitaingia naye mpaka ndani. Tafadhali weka kiti cha pili, mahali ambapo ataweza kuniona.