Mafuta ya Shea Kwenye Lenzi ya Marehemu

Jumatatu, 20 Aprili
Asubuhi mama mkwe wangu, Ba Niélé, kaingia uani na kifurushi cha kitambaa. Ndani, lenzi ya marehemu mumewe, aliyewapiga picha nusu ya watu wa Ségou. Imelala sandukuni miaka kumi na minne. Kamera iliyo pamoja nayo ni nzima, lakini pete ya kulengea ya lenzi imekwama, vioo vimeota kuvu. Jumapili anataka apigwe picha kwa lenzi hiyohiyo, ya kuwaachia wajukuu. Hataki nyingine. Akauliza kama ampelekee Zoumana Traoré, fundi wa redio na kamera wa ng'ambo ya barabara.

Zoumana! Sisi akina Diarra na akina Traoré ni watani tangu enzi za mababu; tusi letu kuu ni kumwita mwenzako mla maharage. Akijua nimeshindwa, atanisimanga mpaka kaburini, nami siruhusiwi hata kununa. Nikajisikia nasema nitaitengeneza mwenyewe. Mke wangu Assétou akaacha kutwanga, akanitazama.

Nilikuwa karani wa posta miaka thelathini. Nimefungua vifurushi vigumu kuliko hiki.

Jumanne, 21 Aprili
Nimekata kandambili ya Assétou nipate mpira wa kushikia pete. Imefunguka! Vioo vinne, nimevipanga kwenye sinia na kuvipa namba. Nimevifuta kwa spiriti na fulana kuukuu. Kuvu kwisha, vinang'aa. Assétou anauliza atakwenda sokoni na mguu gani. Hana shukrani.

Tatizo moja tu: pete inakwaruza. Inataka kulainishwa. Kwa kitu gani?

Alhamisi, 23 Aprili
Hila safi kabisa. Nimekwenda kwa Zoumana kunywa chai. Bilauri ya kwanza, habari za joto. Ya pili, nikamgusia rafiki yangu wa Mopti, mwenye lenzi ya zamani, anayetaka kulainisha pete. Zoumana hata hakuinua macho kutoka kwenye birika.

"Mwambie huyo mla maharage mwenzako asithubutu kupaka mafuta ya shea," alisema. "Jua likikaza yatayeyuka, yatatambaa mpaka kwenye kioo. Mwambie aje, nitampa grisi yangu. Bure."

Bure! Traoré ampe Diarra kitu bure! Na lini huyu mtu aliniambia ukweli? Mwaka jana kondoo wangu alipopotea, alinielekeza msikitini, eti kaenda kusoma. Nikaenda. Kwa hiyo dawa ni mafuta ya shea. Maskini, kajifichua mwenyewe. Nimechota kwenye kopo la Assétou la kujipaka mwili usiku huuhuu. Pete inazunguka laini ajabu.

Jumapili, 26 Aprili
Tulipanga saa moja asubuhi. Ba Niélé alichagua kilemba mpaka saa sita. Joto la kukaangia mayai. Nilipochungulia kwenye kamera niliona ukungu. Vumbi, nikasema. Assétou akasema lenzi inatoa jasho. Kweli kidole gumba kilikuwa kinateleza. Nikamwambia asiingilie ufundi. Nimepiga picha sita.

Jumanne, 28 Aprili
Picha zimesafishwa. Ajabu! Mikunjo yote imeyeyuka, uso unang'aa, Ba Niélé ana miaka thelathini! Njiani nilishaamua jina la biashara: Studio Diarra, Rudi Ujanani. Bibi gani wa Ségou atakataa?

Ba Niélé alizitazama moja moja. Akasema marehemu naye alikuwa akipaka mafuta kidogo mbele ya kioo cha lenzi, kwa ajili ya wake wa matajiri waliotaka kurudi usichanani.

"Mimi hakunipakia hata siku moja," alisema. "Alisema uso wangu hauna cha kufichwa. Wewe, mkwe wangu, umeona nini cha kuficha?"

Akachukua lenzi, vidole vikamteleza. Akauliza taratibu kama imekufa. Niliona haya, haya ya kweli. Sijala.

Jumatano, 29 Aprili
Nimevuka barabara. Zoumana aliifungua lenzi, akainusa, akatoka nje akaita mtaa mzima.

"Jamani, njooni! Diarra kaikaanga lenzi!"

Malipo aliyotaka: nile maharage mlangoni pake, mbele za watu. Nimekula sahani mbili. Watoto walihesabu vijiko. (Yalikuwa matamu. Hilo halitoki humu.)

Kisha akafanya kazi, na hakutania tena. Kumbe marehemu ndiye aliyemfundisha. Alifuta kila kioo kama anamwosha mtoto mchanga. Saa kumi ilikuwa tayari. Tukampiga Ba Niélé picha upya, mimi kwenye kamera, Zoumana akishika shuka la kuzuia jua.

Ijumaa, 1 Mei
Picha imetoka. Mikunjo yote ipo, na pengo la jino, na kovu la kidevuni. Ba Niélé akacheka mpaka akakaa chini. "Huyu ndiye mimi," akasema, akaibana picha kifuani. Akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Nami nilifuta yangu. Kisha akanikabidhi lenzi niitunze, kwa sababu paa langu halivuji. Amenisamehe!

Zoumana alipoaga alinishika bega. Hakucheka hata kidogo. Akasema mvua zinakaribia, nisiifungie sandukuni kamwe, niiweke juu ya rafu, penye mwanga na hewa, la sivyo kuvu itarudi. Nikaitikia kwa heshima zote.

Mwanga na hewa! Mtu aliyenilisha maharage juzi!

Nimeiviringisha kwa kitambaa kibichi, nimeitia sandukuni, nimefunga kufuli, nimelisukuma chini ya kitanda. Mara hii hanipati.