Gitaa la Papa Deo na Mnunuzi wa Pili

Shilingi elfu kumi na mbili na hamsini. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili imeuma. Hiyo ndiyo gharama ya kujiaibisha kwangu leo, pamoja na nauli na kahawa.

Naandika nikiwa nimekaa nje ya kanisa hapa Lodwar, kayamba mapajani. Habari ya kayamba tutaifikia.

Wa kwanza kulaumiwa ni Ekal. Kwa msiomjua, ni mwenzangu wa kwaya. Zamani tulikuwa tunapokezana gitaa la kanisa, yeye Jumapili hii, mimi ile. Tuliishi kwa amani. Kisha kaka yake akamletea gitaa jipya kutoka Nairobi, jekundu, linang'aa kama pikipiki iliyotoka dukani. Wiki hiyo hiyo gitaa la kanisa likavunjika shingo. Mama Akiru, mwalimu wetu wa kwaya, akamweka Ekal mbele, karibu na waimbaji wa sauti ya kwanza. Mimi akanipa kayamba. Nyuma. Kando ya spika.

Sikuona wivu. (Nilianza kuota lile gitaa jekundu linaliwa na mchwa, lakini hizo ni ndoto tu.)

Jumapili iliyopita Mama Akiru akatangaza: "Jumamosi tunarekodi video pale kando ya mto Turkwel. Ekal, hilo gitaa lako ni zuri kwa macho, lakini linalia kama sufuria. Mwenye gitaa zuri zaidi alilete Alhamisi jioni. Nitayasikiliza yote. Lenye sauti nzuri ndilo litarekodiwa."

Ekal akanigeukia akiwa amekaza midomo asicheke. "Ewoi, kuna kayamba za umeme siku hizi?"

Hapo ndipo pesa ilipoanza kutoka.

Gitaa la maana madukani Lodwar sikuliweza. Lililokuwa la bei yangu lilikuwa la mbao nyepesi kama boksi la biskuti, na nyuzi zimesimama juu ya shingo mbali kiasi cha panya kupita chini. Nikampigia Losike, binamu yangu anayeendesha pikipiki Kakuma. Akaulizauliza, akapata: Papa Deo, Mkongomani anayepiga gitaa kanisani kule kwenye kambi ya wakimbizi, anauza gitaa lake la pili. Anasema elfu sita.

Mimi nilikuwa nimetenga elfu nne na mia tano. (Pembeni nilikuwa na pesa ya mbuzi. Hiyo haikuhusika. Ndivyo nilivyojiambia.)

Sasa, mimi si mtu wa kwenda kwa muuzaji na uso wangu mwenyewe. Muuzaji akiona umetoka Lodwar na shati limepigwa pasi, bei inaongeza nauli yako. Kwa hiyo huwa natuma watu. Nilituma wawili, kila mmoja bila kumjua mwenzake, kwa sababu madalali wawili wakijuana wanakugawana wewe. Wa kwanza ni Abdi, ambaye huniuzia simu pale Kakuma. Kazi yake: aingie mapema, ataje bei ya kuudhi, atoke. Wa pili ni Losike. Aingie baadaye, Papa Deo akiwa ameshavunjika moyo, ataje elfu nne. Aonekane mkombozi.

Leo alfajiri nikatoka Lodwar. Kabla jua halijakaza nilikuwa Kakuma, nimejificha kwenye kibanda cha kahawa cha Mhabeshi mmoja, nyuma ya nyumba ya Papa Deo, kofia ya kijani imeshushwa mpaka kwenye nyusi.

Abdi akapiga kwanza. "Nimeingia, nimetaja elfu mbili, mzee amenicheka. Nimerudi dukani."

Safi. Nikamruhusu Losike aingie, na maagizo juu. "Chungulia shingo kwa upande wa chini, kama unavyoangalia mkuki kama umenyooka. Pitisha kidole tumboni, tafuta ufa. Zungusha vile vifunguo vya nyuzi, visiwe vinateleza. Halafu piga uzi mmoja uachie, uhesabu unalia muda gani."

Baada ya muda akapiga, ananong'ona. "Bro, shingo imenyooka. Ufa hakuna. Nimepiga uzi, nimengoja, bado unalia. Lakini kuna shida. Kuna mama hapa anataka hilo hilo. Ana simu sikioni, anaongea na tajiri wake."

"Tajiri wake ni nani?"

"Hasemi. Nimesikia tu ni mtu wa Lodwar. Anaimba kwaya."

Mtu wa Lodwar. Anaimba kwaya. Na Ekal ana shemeji yake hapa Kakuma, anauza vitambaa.

Mtu mwenye gitaa anataka gitaa la pili la nini? Jibu nililiona wazi kama jua la hapa. La kuniziba. Alinunue, alifiche chini ya kitanda, mimi nizeeke na kayamba.

"Mama amefika ngapi?"

"Elfu nne na mia tano."

"Weka elfu tano."

Kabla sijaweka simu chini, Abdi akapiga. "Walaal, ndugu yangu, bado unalitaka lile gitaa? Naona kuna mtu analikazania. Unaniruhusu niongeze kidogo?"

Moyo wangu ukatulia. Ekal yuko na mmoja, mimi niko na wawili. Nikaona huruma hata. "Ongeza," nikamwambia. "Usimwachie."

Losike: "Mama ameweka elfu tano na mia tano."

"Weka sita."

Abdi: "Yule mtu amefika sita."

"Mpite."

Losike: "Mama yuko sita na nusu. Huyu mama hana huruma, bro."

"Saba. Mwambie Papa Deo gitaa la namna hii halijawahi kuonekana Turkana nzima." (Ndiyo. Mimi, mnunuzi, nikaagiza bidhaa isifiwe.)

Nikaagiza kahawa ya pili, kisha ya tatu. Mhabeshi akaniuliza kama kuna mgonjwa nyumbani. Elfu nane ilipopita, pesa ya mbuzi ikaanza kuhusika. Kwa tisa na nusu, Abdi akaniambia kwa sauti ya mtu aliyechoka kupiga simu, "Ndugu yangu, mimi naacha. Yule mtu wa upande ule ana kichaa."

"Mwache tu," nikasema kwa upole. "Losike ameshalipata." Nikatoka kibandani kifua mbele.

Pale uani nilimkuta Losike amekumbatia gitaa. Papa Deo, mzee mwenye ndevu nyeupe na fulana ya kijani, alikuwa amekaa kwenye stuli. Na huyo mama, dada mrefu wa Kisomali, alikuwa anajipepea kwa kipande cha katoni. Nikamtupia jicho la ushindi.

"Msalimie Ekal," nikamwambia.

"Ekal ni nani?"

Losike akasema, "Papa Deo, huyu ndiye tajiri wangu."

Yule dada akaacha kujipepea. Akanitazama kofia, akanitazama shati. "Kofia ya kijani," akasema polepole. "Wewe ndiye Ewoi? Mimi ni Halima, dada yake Abdi. Abdi ana wateja dukani, akanituma nikae hapa, nisiache mtu mwingine alichukue." Akamwonyesha Losike kwa ile katoni. "Sasa huyu unayeshindana naye ni wa nani?"

Kuku alipita kati yetu bila haraka.

Papa Deo ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akiwa ameshika kiuno, akamwita mke wake atoke jikoni aje anione. "Mama, kuya uone. Ni huyu moja! Alikuwa anashindana na yeye mwenyewe!" Mke wake akatoka na mwiko. Majirani wakatoka bila mwiko.

Nikajaribu kurudi nyuma. "Mzee, basi kwa kuwa ni mimi peke yangu, turudi kwenye elfu sita."

"Bwana, miye nilisema elfu sita tangu asubuyi," akasema akifuta machozi. "Elfu sita, nikanyamaza. Ni nyinyi mulikuwa munasema. Na ni wewe ulituma kijana aniambie halijawahi kuonekana Turkana nzima. Miye sikujua. Nikaanza kulipenda tena."

Nikalipa. Kisha Abdi akataka mia tano yake kwa kazi, na Losike akataka mia tano yake kwa kazi, na lazima niseme ukweli, wote wawili walifanya kazi.

Nilirudi Lodwar nimelipakata gitaa kama mtoto mwenye homa. Nilipofika mazoezini nikajua Losike ameshaandika kwenye kundi la familia, ambamo nusu ya kwaya wamo, kwa sababu sauti ya pili nzima ilikuwa imeinamisha vichwa, mabega yanatikisika.

Ekal akaja kunisalimia kwa mikono miwili. "Ejok, Ewoi. Nasikia leo nilikuwa Kakuma. Nilifika bei gani?"

Nikamkabidhi Mama Akiru gitaa. Akalipiga uzi mmoja, akaacha. Uzi ukalia. Ukaendelea kulia. Watu wakaacha kucheka. Kisha akalipiga lile jekundu, likasema *ke*.

"Hakuna la kujadili," akasema Mama Akiru. "Gitaa la Ewoi ndilo litarekodiwa."

Nimesubiri sentensi hiyo tangu Jumapili. Nikanyoosha mkono.

"Ekal," akasema, "chukua hilo. Ewoi, mwanangu, ubarikiwe kwa kulileta. Vidole vyako hukwama kila vikifika chodi ya tatu, unajua mwenyewe. Kayamba iko pale dirishani."

Wanafanya mazoezi sasa hivi. Nasikia kutoka hapa nje. Linalia vizuri sana.

Msinicheke. Ninaomba ushauri kwa walio na uzoefu: mtu akipiga gitaa lako kwenye video, unamtoza kwa wimbo au kwa saa?

Na wewe Ekal, najua utasoma. Kati ya elfu sita na elfu tisa na mia tano kuna elfu tatu na mia tano. Najua hukuwepo. Lakini ni wewe nilikuwa nakupita. Tuma leo.